Laurel hadi Lowell si saa 7

Safari ya gari kutoka Laurel, Maryland, hadi Lowell, Massachusetts, ina takribani kilomita 690, na kwenye ramani huonekana kama mwendo wa saa 7 au 8. Hesabu hiyo ni ya mtu asiye na ndugu njiani. Barabara kuu ya I-95, itokayo Miami hadi mpaka wa Kanada, hupita kando ya Laurel, kisha Baltimore, Delaware na New Jersey, na kote huko wako Wakenya na Watanzania. Kumpitia shangazi "dakika kumi tu" ni chai, kisha pilau, kisha simu ya video kwa bibi. Naye akiwa Mombasa, saa zake zimetangulia kwa 7 majira ya joto na 8 majira ya baridi, basi hupigiwa kabla ya adhuhuri. Kupita bila kubisha hodi ni kosa lisilosahaulika upesi. Ushuru wa barabara hausumbui, kwani hulipwa kwa kifaa cha E-ZPass. Kinachochosha hasa ni foleni ya daraja la George Washington jioni. Familia yenye watoto hufanya vyema kulala New Jersey na kuvuka Mto Hudson kwa daraja hilo alfajiri.