Bogenvilia Haina Shida, Shida ni Mkasi

Wasee, kuna hii bogenvilia ya getini ambayo mwenye ploti anataka ing'olewe. Ati imekataa kuchanua, imebaki miiba tu. Majirani wengine washakubali. Mimi nakataa, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza uijue. Hebu isogelee. Ile rangi ya zambarau ama nyekundu unayopigia picha si maua, ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe kalikojificha katikati ya majani matatu.

Sasa skiza. Hiyo rangi hutokea kwenye matawi machanga, hasa kule nchani. Na sisi tunafanya nini? Kila wiki mbili mtu anatumwa ainyoe iwe sawa kama ukuta. Ncha zote zinaenda. Halafu mnauliza maua yako wapi? Yako kwa toroli la takataka!

Na msimsukumie lawama jamaa wa shamba. Yeye analipwa kunyoa, hakuna aliyewahi kumlipa angoje maua.

Kupogoa si kunyoa. Ngoja rangi ipauke na kuanguka, ndio ukate. Vaa glavu, hiyo miiba haina urafiki. Matawi marefu yapunguze kama theluthi, yaliyokauka yaondoe kabisa, halafu uiache ichipue. Usiimwagilie kila siku wala kuijazia mbolea, utapata majani ya kijani tu. Inataka jua, angalau saa 6 kwa siku. Ikiwa iko kivulini, hata ukate vipi haitakupa kitu.

Najua mtasema, "Tukiiacha itakuwa msitu." Haiwezi, mkiiongoza. Hii mimea haina vikonyo vya kujishikilia, inaegemea tu na kujikwamisha kwa miiba. Funga matawi kwenye ua kwa kamba, kata yale yanayokwaruza watu njiani. Basi.

Ploti yetu ni kabro, matangi na nguo zilizoanikwa. Hiki ndicho kitu cha pekee kinachomea hapa. Mwenye ploti, tupe miezi mitatu bila kuinyoa. Na nyinyi wapangaji, akiuliza maoni yenu msinyamaze kama kawaida. Ukishang'oa mzizi, hakuna wa kuomba msamaha.