Mizani isikuvunje moyo

Alfajiri za Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiuma, utawaona watu wanakimbia wamevaa masweta mawili na koti la mvua juu, ili watoke jasho. Iringa nako wapo, wanaupanda mlima kutoka Ipogolo kwenda mjini. Nia ni njema. Kinachowapoteza ni mizani wanayokimbilia baadaye.

Hesabu iko hivi. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 hutumia kama 700. Hata zote zikitoka kwenye mafuta, ni gramu 90 tu. Aliyerudi amepungua kilo nzima amepoteza maji, na akinywa yatarudi. Koti la mvua haliyeyushi kitambi.

Wengi huacha mazoezi kwa sababu ya kinyume chake: wiki zinapita, mizani haishuki, pengine inapanda. Misuli iliyochoshwa huvuta maji inapojijenga upya. Hujiwekea pia akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Wanaonyanyua vyuma huongeza misuli huku mafuta yakipungua. Mizani hujumlisha yote hayo, pamoja na ugali wa jana.

Ushauri wetu: tumia pia futi ya fundi cherehani. Toa pumzi kama kawaida, zungushia futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya maradhi huongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, kisha linganisha mwezi kwa mwezi.

Lakini tusidanganyane. Miezi ikipita, kiuno na kilo vyote vimegoma, tazama chipsi, soda na ulanzi wa jioni. Na anayepungua bila kujua sababu aende hospitali, asisherehekee.

Vikundi vya mazoezi vya Mbeya na Iringa viache kushangilia kilo za wiki moja. Vinunue futi, viandike viuno vya wanachama kila mwezi, na vimpongeze anayeendelea kujitokeza.