SHOGA, HUO SIYO UZEE!

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo, ingawa mtaona wenyewe kuwa tumo humohumo.

Kuna shoga yangu mmoja, jina namhifadhia, ana miaka 33. Hedhi zilianza kuruka miezi, mwisho zikakata kabisa. Kapima mimba, hamna kitu. Mawifi wakakata kesi palepale: "Keshazeeka huyo, kaka yetu kauziwa mbuzi kwenye gunia!" Hayo hayajapoa, maziwa yakaanza kumtoka kifuani. Hapo mume ndio akawaka: maziwa bila mtoto yanatoka wapi? Basi mimba ilikuwepo, umeitoa! Shoga akafungashiwa virago kurudi kwao.

Jamani, tuelewane. Hedhi kukoma kupo, lakini kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya kike inashuka, joto linakupanda usiku, usingizi unaruka. Huo ni utu uzima, hauna mchawi. Ila zikikata kabla ya miaka 40, usikubali kuitwa mzee mpaka daktari akupime.

Bosi wa mambo hayo ni kitezi kinachoitwa pituitari. Kadogo kama punje ya mbaazi, kamekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, lakini amri zake zinafika mpaka kwenye ovari. Sasa wakati mwingine kwenye kitezi hicho huota uvimbe. Mara nyingi sana siyo kansa, ila unaweza kumwaga homoni ovyo. Unaoongoza ni ule wa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Prolaktini ikizidi, ovari hazipati amri, hedhi zinakata na mimba haishiki. Umeona? Vituko viwili, chanzo kimoja.

Shoga yangu alipimwa damu, akapigwa picha ya kichwa kwa MRI. Uvimbe ukaonekana, milimita 6 tu. Hakupasuliwa. Alipewa vidonge vya kabagolini, na baada ya miezi michache hedhi zikarudi. Mume akaitwa na daktari, akaelezwa moja baada ya jingine. Alitoka pale kanywea kama kuku aliyenyeshewa, akaenda mwenyewe ukweni kumfuata mkewe. Mawifi mpaka leo kimya.

Nanyi kaka zangu, msicheke. Homoni ya kiume hupungua polepole kadiri umri unavyokwenda, haizimiki ghafla kama umeme wa LUKU. Hamu ikipotea kabisa, wengi mnakimbilia mizizi. Kwa vile ninyi hamna hedhi ya kuwashtua, uvimbe wenu mara nyingi hugunduliwa umeshakuwa mkubwa. Na juu ya kitezi hicho inapita mishipa ya macho. Ikibanwa, unaona mbele tu, pembeni giza. Unapamia watu Kariakoo, unasingizia macho ya uzee!

Kuna uvimbe mwingine unaomwaga homoni ya ukuaji. Mtu mzima kabisa, pete haiingii tena, kiatu namba 42 kinakuwa 44, taya linatanuka. Ndio ugonjwa aliokuwa nao yule mcheza mieleka André the Giant, aliyefariki Paris mwaka 1993 akiwa na miaka 46.

Sisemi kila maziwa ni uvimbe. Dawa fulani za magonjwa ya akili au za kuzuia kutapika huweza kuyaleta, hata tezi ya shingo ikilegea. Ndiyo maana nasema kapime, omba daktari aangalie na prolaktini. Kazi ya udaktari msiwaachie mawifi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.