Rokadi za Kinshasa: faida iko pembeni ya lami

Mwezi wa nne 2025, mto N'djili ulipofurika, bulvari Lumumba ilizama na njia ya kwenda uwanja wa ndege ikakatika. Abiria aliyetua kutoka Lubumbashi ao Kisangani alikuta mji mkuu wa nchi unategemea barabara moja, nayo iko ndani ya maji.

Njia ya pili ndiyo inayojengwa. Kazi za rokadi, barabara za kuzunguka mji, zilizinduliwa na rais Félix Tshisekedi mwezi wa sita 2024. Ni kilomita 63, kutoka upande wa uwanja wa ndege, kupitia vilima vya Mont-Ngafula, hadi upande wa Ngaliema. Leo lori linalotoka bandari ya Matadi kwenda Kikwit linapita ndani ya Kinshasa, likibanana na mabasi. Likipata njia ya nje, basi linapata nafasi. Wanaobeza mradi mzima wanakosea.

Lakini faida hiyo imfikie nani? Msongamano ndio unawapa madereva kisingizio cha « demi-terrain », ile desturi ya kukata safari katikati na kulipisha abiria mara mbili. Mama wa Kimbanseke anayepeleka mboga sokoni anatoa pesa mara mbili kabla hajauza hata fungu moja. Rokadi itamsaidia ikiwa ina vituo vya basi, njia za kuingilia kutoka kwenye kata, na madaraja ya wanaotembea kwa miguu. Nairobi ilifungua barabara yake ya kulipia ya kilomita 27 mwaka 2022: mwenye gari lake anawahi ndege, matatu nyingi zimebaki chini, kwenye barabara ya zamani.

Halafu kuna maji. Mwezi wa 12 2022 mvua ilikata barabara ya taifa namba 1 huko Mont-Ngafula, na zaidi ya watu mia moja walikufa mjini. Vilima vile ni mchanga. Lami isiyo na mifereji inakusanya maji na kuyamwaga juu ya nyumba za bondeni. Na wenye nyumba zinazobomolewa walipwe kabla ya tingatinga kufika, si baadaye.

Hapa wakaaji wa Lualaba nao wana neno. Pesa za rokadi zinatoka Sicomines, kule Kolwezi, kwa mkataba na Wachina wa mwaka 2008 uliorekebishwa mwezi wa tatu 2024: dola milioni 324 kila mwaka kwa ajili ya miundombinu, ikiwa bei ya shaba haitashuka sana. Likasi inajua uzito wa malori ya madini. Uvira inajua matope ya barabara ya taifa namba 5. Hakuna anayeomba Kinshasa inyimwe barabara. Kinachodaiwa ni hesabu: kila kilomita imekula dola ngapi, na mwaka ujao shaba hiyo itajenga wapi. Wabunge wa mashariki na wa Katanga wanaweza kuuliza hayo sasa, kabla ya siku ya kukata utepe.