DNA si programu, jamani

Sisi tunaoandika programu tuna tabia moja mbaya: kila kitu twakiona tarakilishi. Ukikaa na mmoja wetu hukosi kusikia kwamba DNA ni programu na mwili ni mashine ya kuiendesha. Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka. Nimeacha, na kilichoniachisha ni kiinitete cha panya.

Siku tatu na nusu hivi baada ya mimba kutungwa, kiinitete hicho ni kijipira cha seli. Zile za nje zimeshashika njia ya kutengeneza kondo la nyuma. Za ndani bado hazijagawana kazi: baadhi zitakuwa panya mwenyewe, nyingine zitatengeneza mfuko wa kumlisha. DNA yao ni ile ile moja. Sasa nani anaamua? Seva kuu haipo. Baadhi ya seli hutoa protini iitwayo FGF4. Seli jirani ikiipokea vya kutosha, huelekea upande wa mfuko.

Mwaka 2010 Yojiro Yamanaka, Fredrik Lanner na Janet Rossant walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walipoongeza FGF4 nyingi, seli za ndani zote zikaenda upande wa mfuko. Walipoziba njia ya kuupokea ujumbe huo, zote zikaenda upande wa mwili. DNA haikuguswa hata herufi moja!

Kwangu mimi, hayo ni mazungumzo ya majirani kuliko programu. Jibu halikuandikwa ndani ya seli moja likingoja kusomwa. Linategemea nani yuko karibu, amesema nini, kwa kiasi gani na wakati gani.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu wapo wanaouza vipimo vya jeni wakiahidi kukuambia mtoto wako atakuwa na kipaji gani. Usinielewe vibaya, vipimo hivyo vina kazi yake. Kwa ugonjwa kama selimundu, badiliko dogo kwenye jeni moja lina uzito mkubwa, na kulijua mapema huokoa maisha. Lakini kipaji si selimundu. Anayekuuzia utabiri huo anautegemea mfano wetu mbovu wa programu, nasi ndio tuliousambaza.

Basi wenzangu, tuanze sisi kuuacha. Nyinyi mwaonaje?