Bima ya kulazwa peke yake ni rahisi ya gharama

Tangu Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipoondoa ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa ulioanza mwaka 1967, mfanyabiashara wa Tanzania ana uhuru wa kuchagua bima. Katika bima ya afya wengi wanautumia vibaya uhuru huo: wananunua ya kulazwa peke yake kwa kuwa ada yake ni ndogo, na matibabu ya nje wanayalipa mfukoni.

Chukua mafindofindo, ugonjwa wa koo ambao kila nyumba yenye watoto inaujua. Kwa kampuni ya bima dai moja la koo si kitu. Tatizo ni wingi wake. Duka lenye wafanyakazi kumi na familia zao laweza kupeleka madai ya namna hiyo mwaka mzima, na mkataba unapohuishwa madai hulinganishwa na ada iliyolipwa. Yakizidi, ada hupanda. Sehemu ya fedha hizo hupotea bure, kwani koo nyingi huumwa kwa sababu ya virusi na antibayotiki hazisaidii kitu. Zahanati inayoandika dawa kwa kila kikohozi inajua nani atalipa (kadi haibishani na bili).

Hata hivyo, kukata kabisa matibabu ya nje ni kukwepa hasara ndogo na kukaribisha kubwa. Koo lililoshambuliwa na bakteria wa streptokoka lisipotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi wiki mbili au tatu baadaye, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na homa hiyo yaweza kuharibu valvu za moyo. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huzuia hayo ikianzwa ndani ya siku 9. Ukichelewa ni sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na pengine upasuaji wa moyo. Hapo ndipo mkataba husomwa kwa makini: maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima mara nyingi hayalipiwi, au huwekewa muda wa kusubiri.

Mnunuzi mwenye hesabu ataomba bima ya nje yenye kikomo cha wastani, inayolipia kipimo cha koo kabla ya dawa, na mchango wa mgonjwa uwe mdogo kiasi cha kutomzuia mzazi kwenda kwa daktari. Ada itazidi ile ya kulazwa tu. Kabla ya kutia saini amwulize wakala: mtoto akigundulika ana ugonjwa wa valvu katikati ya mwaka, mkataba mpya utaendelea kumlipia?