Ushuru Nao Huvunja Upishi

Mwezi uliopita wenzangu wa darasa la uzamili waliniletea waraka nitie saini. Ulikuwa wa kurasa mbili, umeandikwa kwa hasira, na uliitaka Serikali iweke ushuru wa kuzuia dampingi kwa vyombo vyote vya nyumbani vinavyotoka nje: sahani, vikombe, sufuria, beseni, ndoo, chupa za chai. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja tu, kwamba vitu hivyo ni rahisi mno. Chini yake yalikuwa yameshajipanga majina kumi na tisa. Nilirudisha kalamu.

"Wewe una maslahi," mmoja akaniambia. "Shangazi yako anauza Kariakoo."

Ni kweli, na sina sababu ya kuficha. Shangazi ana fremu ndogo Mtaa wa Kongo. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye dazeni za vikombe na seti za hotpoti. Wateja wake ni mama ntilie, mabibi harusi watarajiwa wanaojiandaa kwa kicheni pati, na wamachinga wanaofunga mzigo kwenda Morogoro na Mbeya. Lakini maslahi yangu yako pande zote mbili. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha plastiki, akitengeneza ndoo na beseni. Alipunguzwa mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo asinifundishe mtu uchungu wa kiwanda kufa. Nimekula naye meza moja tangu siku ile.

Ninachokataa ni uvivu wa kuita kila kitu rahisi "dampingi".

Neno hili lina maana yake. Kwa sheria za Shirika la Biashara Duniani, dampingi ni pale kampuni inapouza bidhaa nchi ya nje kwa bei iliyo chini ya ile inayouzia kwao. Kikombe kikiuzwa shilingi 1,000 kwao, kikaletwa kwetu kwa 700 kabla ya nauli, hapo pana jambo la kuchunguza. Kikiuzwa 600 kwao na 700 kwetu, hakuna dampingi hata kama kiwanda cha hapa kinakitengeneza kwa 1,500. Hapo tumezidiwa, na kuzidiwa kuna dawa nyingine.

Tena haitoshi kuonyesha tofauti ya bei. Lazima uthibitishe kwamba viwanda vya ndani vimeumia, na kwamba vimeumizwa na bidhaa hizo, si na kitu kingine. Malalamiko yenyewe yaungwe mkono na wazalishaji wanaotoa angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, kesi inafungwa. Ushuru ukiwekwa, kikomo chake cha kawaida ni miaka mitano, labda uchunguzi mpya uonyeshe haja ya kuendelea. Tanzania ina sheria yake ya mambo haya tangu 2004. Kenya ilitunga ya kwake 2017. Mlango upo. Waraka wa wenzangu haukutaja kiwanda hata kimoja kilichoumia, wala bei ya bidhaa hata moja huko inakotoka. Walitaka hukumu kabla ya kesi.

Watasema mbona Ulaya wanafanya. Ni kweli wanafanya, tena kwenye bidhaa zile zile za shangazi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa namna hii kwa vyombo vya kauri vya mezani na jikoni kutoka China, kati ya asilimia 13.1 na 36.1, kulingana na kampuni. Lakini walikuwa na wazalishaji wa kulalamika, hesabu za kuonyesha hasara, na maofisa wa kupitia vitabu vya kampuni za nje. Unaweza kuukosoa uchunguzi wao, na mimi ninaukosoa, ila ulifanyika.

Sasa tuzungumze habari ya nani analipa, maana hapa ndipo waraka ulipokaa kimya kabisa. Chukua mfano wa hesabu. Seti ya vikombe inafika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 10,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25 kwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na tangu Julai 2022 lipo hata kundi la asilimia 35. Tuchukue 25: inakuwa 12,500. Ongeza VAT ya asilimia 18: 14,750. Hapo hatujagusa ada nyingine, nauli wala faida. Wakiongeza ushuru wa dampingi wa asilimia 30 juu ya thamani ile ya bandarini, inakuwa 15,500, na baada ya VAT 18,290. Shilingi 3,540 zimeongezeka. Shangazi nilipomweleza, aliniuliza swali ambalo sijalisikia kwenye semina hata moja: "Mwanangu, hizo anatoa Mchina?"

Hapana, shangazi. Anayeandikiwa hati ya forodha ni mwagizaji wa hapa, naye ataipeleka kwako, nawe utaipeleka kwa mama ntilie. Muuzaji wa China anaweza kushusha bei kidogo asipoteze soko, lakini sehemu kubwa itaishia kwenye sahani ya ubwabwa pale Buguruni.

Kama hesabu yangu ya mfano haikuridhishi, tazama Marekani na mashine zake za kufulia. Mwaka 2013 iliweka ushuru wa dampingi kwa mashine kubwa kutoka Korea Kusini na Mexico. Samsung na LG zikahamishia uzalishaji China. Mwaka 2017 ushuru ukawafuata China, nao wakahamia Thailand na Vietnam. Mwaka 2018 Marekani ikaacha kufukuza nchi moja moja, ikachukua silaha nyingine iliyogusa karibu dunia nzima: asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kila mwaka, na asilimia 50 kwa zitakazozidi. Wachumi wa benki kuu ya nchi hiyo na wa Chuo Kikuu cha Chicago walipopima matokeo, walikuta bei ya mashine imepanda kwa takriban dola 86. Mashine za kukaushia, ambazo hazikutozwa, zilipanda dola 92, kwa kuwa huuzwa pamoja. Ajira ziliongezeka, kama 1,800. Gharama kwa wanunuzi ilikuwa takriban dola 815,000 kwa kila ajira moja.

Hiyo ni Marekani, yenye viwanda vya mashine hizo tayari. Sisi tunataka kutoza kwanza, kiwanda kije baadaye kwa maombi.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Wenzangu walilitumia neno hilo kama kichwa cha waraka. Lakini methali ile inazungumzia ubora: ukinunua kitu hafifu kwa kuwa bei ni ndogo, utaharibu pishi lako. Dawa yake ni viwango na ukaguzi, ili sufuria inayotoboka baada ya mwezi isiingie sokoni, iwe imetoka Guangzhou au Dar es Salaam. Haikusema mpishi atozwe.

Nilimpelekea kaka waraka ule nikidhani yeye atausaini kabla hajamaliza kuusoma. Aliusoma wote. Kisha akanisimulia miezi ya mwisho ya kiwanda: mgao wa umeme, mashine kuzimika na plastiki kugandia ndani, zamu nzima kukaa kuibandua, mafuta ya jenereta, mkopo wa benki usiolipika. Bidhaa za nje zilikuwepo, hakukataa. "Lakini bosi alitutajia Wachina tu," alisema, "kwa sababu Mchina hawezi kuja kwenye kikao kujitetea."

Sisemi dampingi haipo. Ipo, na kampuni kubwa inayouza kwa hasara ili iue kiwanda kidogo kisha ipandishe bei ni adui wa kweli. Nileteeni kesi hiyo: bidhaa moja, kiwanda kilichoumia, bei ya kule na bei ya hapa. Nitasaini wa kwanza, na shangazi nitamweleza mwenyewe kwa nini vikombe vimepanda. Ataelewa. Ada yangu ilikuwa mzigo mzito kuliko huo, naye aliibeba kwa sababu alijua inakwenda wapi.

Waraka niliurudisha na maswali matatu nyuma yake kwa kalamu ya risasi. Kiwanda gani? Bei gani kwao? Nani atalipa? Wiki ya tatu sasa sijajibiwa. Majina, nasikia, yamefika ishirini na sita.